Jiji limevunja kambi ya mahema, hivi hawa watu wanategemewa waende wapi?

Zamu_ya_Alfajiri:

Wakuu habari zenu. Naomba kueleweshwa maana hili jambo limenikaa kichwani wiki nzima na kazini kila nikiuliza watu wanabadilisha mada.

Niko Marekani, pwani ya magharibi, jiji naomba nisilitaje. Chini ya daraja la barabara kuu karibu na ninapofanyia kazi palikuwa na kambi ya mahema, sio kubwa sana, watu wa rika zote, wengine wazee kabisa, na kuna mama mmoja anatembelea wilchea. Basi wamekuja watu wa jiji na polisi na lori la taka na kijiko. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo siku chache kabla. Kufika saa nne asubuhi kila kitu kimeshazolewa, mahema, magodoro, baiskeli, mpaka mabegi ambayo wenyewe walikuwa wameenda kutafuta choo. Mchana wakaweka uzio na mawe makubwa ili mtu asiweze tena kujilaza pale. Na wale watu wako mitaa miwili mbele, wale wale, ila sasa hawana hata blanketi.

Ninachouliza ni hiki, hivi hii ni halali kisheria? Maana nilikuwa nasikia kuna hukumu inakataza kumuadhibu mtu kwa kulala nje kama hakuna pa kumpeleka. Halafu jiji lenyewe linategemea waende wapi, kuna mpango wowote au ni kuwasukuma tu wapotee machoni? Na je kuna mji umeweza kuondoa mahema bila kuwafanyia watu hivi, nisije nikawa nalalamikia kitu ambacho hakina njia nyingine. Naomba ajibu anayejua kwa kazi au kwa kusoma, matusi juu ya wasio na makazi nimeshayasikia ya kutosha.

---

Kifungu_kwa_Kifungu:

Mkuu hiyo hukumu uliyoisikia ilikuwepo kweli ila imeshatenguliwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa inayohudumia majimbo ya magharibi iliamua kesi ya Martin dhidi ya jiji la Boise, kule Idaho, ikasema kama watu wasio na makazi ni wengi kuliko vitanda vya shelta, yaani mabweni ya muda ya kuwahifadhi, basi kumuadhibu mtu kwa kulala nje ni adhabu ya kikatili, na Marekebisho ya Nane ya Katiba yanakataza adhabu ya namna hiyo. Kwa miaka kadhaa ndo ikawa kinga ya watu wa mahema huko magharibi, miji ikawa inaogopa kushtakiwa.

Sasa kuna mji mdogo Oregon unaitwa Grants Pass, una watu kama 40,000 hivi. Wao sheria zao zilikuwa zinakutoza faini ya dola 295 ukikutwa umelala sehemu ya umma na blanketi au chochote cha kujifunika, usipolipa inapanda mpaka dola 537.60. Faini zikijirudia polisi walikuwa wanaweza kukupiga marufuku kuingia bustani za mji kwa siku 30, na ukionekana humo ndani ya marufuku inageuka jinai, hadi siku 30 jela na faini ya dola 1,250. Jiulize mtu anayelala bustanini hizo hela anatoa wapi. Na ndani ya mji kulikuwa na bweni moja la kidini lenye masharti kibao ikiwemo kuhudhuria ibada. Mwaka 2013 viongozi wa mji walikaa kikao kuhusu hawa watu na mkuu wa baraza akasema wazi kwamba lengo ni kuwafanya wasijisikie vizuri mjini kwao ili wenyewe waendelee na safari. Hayo maneno yamo kwenye kumbukumbu za kesi.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na tarehe 28 Juni 2024 majaji 6 kwa 3 wakaupa mji ushindi. Jaji Gorsuch aliyeandika hukumu alisema sheria ile inaadhibu kitendo cha kupiga kambi, haimuadhibu mtu kwa hali yake ya kukosa nyumba, na kwamba Marekebisho ya Nane yanahusu aina ya adhabu baada ya mtu kutiwa hatiani. Jaji Sotomayor akapinga akasema kulala ni hitaji la mwili na sio kosa. Mimi nimesoma pande zote mbili na kwangu hoja ya kitendo hainiingii, kwa sababu mwenye nyumba na asiye na nyumba wote wanalala kila siku, tofauti yao ni mmoja tu anakutwa nje.

Kwa hiyo jibu fupi ni ndiyo, jiji lako siku hizi lina ruhusa kubwa kuliko zamani. Baada ya hukumu tu, Julai 2024, Gavana Newsom wa California akatoa amri idara za jimbo zianze kuondoa kambi kwenye ardhi ya jimbo na akaihimiza miji ifanye vilevile. Florida nao walikuwa wameshapitisha sheria hata kabla ya hukumu, ikaanza Oktoba 2024, inayokataza kaunti na miji kuwaruhusu watu kulala maeneo ya umma.

LAKINI usichanganye ruhusa ya kuondoa watu na ruhusa ya kutupa mali zao. Hivyo ni vitu viwili. Mwaka 2012 mahakama ile ile ya rufaa kwenye kesi ya Lavan dhidi ya Los Angeles ilisema mali ya mtu asiye na makazi ni mali, jiji haliwezi kuichukua na kuiharibu papo hapo eti kwa sababu mwenyewe kaiacha kando ya barabara akaenda kuoga. Hiyo haikuguswa na hukumu ya 2024. Hayo mabegi uliyoyaona yakitupwa lorini wakati wenyewe wako chooni, hapo ndo wanasheria wa kujitolea wanapopata kesi. Vilevile angalia sheria za jimbo, Oregon kwa mfano tangu 2021 ina sheria inayotaka kanuni za kulala na kukaa nje ziwe za haki ukiziangalia kwa macho ya mtu asiye na makazi.

---

Dada_wa_Kambini:

Asante kaka hapo juu, mambo ya mahakama sikuwa nayajua yote hivyo. Mimi niongelee upande wa chini, kazi yangu ndo hiyo ya kuwafuata watu kwenye mahema, tunagawa maji, soksi, naloksoni ya kumzindua mtu aliyezidisha dawa, na tunawaandikisha kwenye foleni ya nyumba. Nitaandika ndefu mnisamehe.

Swali la wanaenda wapi. Wanaenda karibu. Mtu akifukuzwa chini ya daraja haendi mji mwingine kwa sababu kliniki yake iko hapa, anapochukulia methadoni, ile dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, ni hapa, kibarua chake cha siku mbili tatu kiko hapa, watoto wake wengine wanaishi hapa hapa kwa ndugu. Kwa hiyo anasogea mitaa miwili, mitatu, au anajificha vichakani au kando ya reli, na hapo ndo sisi tunampoteza. Hicho ndo kitu watu hawakioni. Foleni ya nyumba inafanya kazi hivi, unamhoji mtu, unaingiza taarifa zake kwenye mfumo, anasubiri miezi, wakati mwingine miaka, halafu siku jina lake linafika juu unapewa muda mfupi umtafute asaini. Sasa simu yake imeenda na lori la taka. Hema halipo. Unazunguka na gari unauliza watu, humpati, nafasi inaenda kwa anayefuata. Imenitokea na inauma kuliko kitu chochote kwenye hii kazi.

Halafu karatasi. Bila kitambulisho husaini mkataba wa kupanga. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa unaagiza jimbo ulilozaliwa na unatakiwa uwe na kitambulisho na anwani ya posta. Tunahangaika na mtu mmoja wiki nyingi mpaka anapata vyote viwili anaviweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi, asubuhi moja begi linazolewa tunaanza upya. Dawa nazo hivyo hivyo, insulini, dawa za presha, za kifafa, za akili. Kuna watu wanaishia emajensi siku mbili baada ya kambi kuvunjwa sababu dawa zimetupwa.

Na wanaotumia dawa za kulevya ni hatari zaidi, manake kwenye kambi kuna mtu anayejua uko hema gani na ana naloksoni, ukitawanywa unajidunga peke yako na hakuna wa kukuona. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti, walitumia hesabu za kompyuta kwa miji 23 ya Marekani, wakaona kuwahamisha hamisha kwa nguvu watu wanaojidunga kunaweza kuchangia kati ya asilimia 15 na 25 ya vifo vyao ndani ya miaka 10. Hiyo ni makadirio ya kitaalamu ila sisi tulioko chini haikutushangaza.

Jiji litakwambia tuliwapa shelta wakakataa. Uliza shelta gani. Kitanda kimoja cha usiku mmoja mbali na hapo, mume huku mke kule, mbwa haruhusiwi, mizigo mifuko miwili tu, unatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi kupanga foleni jioni bila uhakika. Mtu mwenye hema lake, mbwa wake anayemlinda usiku na mwenzake pembeni, akiangalia hiyo hesabu anabaki alipo, na mimi ningebaki. Ila nikimpelekea chumba chenye mlango na funguo, hapo sijawahi kuona kukataliwa kwa namna hiyo, labda mtu ambaye anaumwa akili sana na hata yeye ukimrudia rudia kwa upole anakuja.

---

Baba_Watatu:

Mimi nitaongea tofauti na naomba nisionekane sina moyo. Nyumba yangu imepakana na kambi. Usiku tumeshaamka kwa moto, mtungi wa gesi umelipuka kwenye hema na moto ukafika kwenye uzio wetu. Sindano nimeokota njia ambayo wanangu wanapita kwenda shule. Kinyesi kipo. Jirani yangu ni mlemavu, hawezi kupitisha wilchea yake pale pembeni ya barabara kwa sababu ya mahema, inabidi ashuke barabarani na magari. Na sio yeye tu, Portland mwaka 2022 watu wenye ulemavu waliishtaki jiji kwa hilo hilo, kwamba njia za waenda kwa miguu zimezibwa, na jiji likakubali kumalizana nao kwa kuweka kipaumbele kuondoa mahema yanayoziba njia. Hao nao wana haki.

Na dada samahani ila unaongelea kambi kama vile ni familia. Kuna wanawake wanabakwa mle ndani. Kuna vijana wadogo wanaingizwa kwenye dawa mle ndani. Mimi nasema kumuacha mtu afie kwenye hema sio kumheshimu. Halafu mkisema tusubiri nyumba, nyumba zinajengwa lini, jengo moja linachukua miaka mitano na hela zinaishia kwa wakandarasi na washauri. Mimi nafanyaje na wanangu hiyo miaka mitano?

---

Dada_wa_Kambini:

Kaka nimekusoma yote na sikupingi kwenye moto wala sindano wala wilchea. Na kuhusu wanawake umesema kweli kabisa, nimekaa nao hospitali. Sidai kambi ni mahali pazuri, hakuna hata mmoja mle ndani atakwambia ni pazuri. Ninachopinga ni kuita kijiko na lori halafu tukasema tatizo limeshughulikiwa. Wewe mwenyewe niambie, kambi ya kwako ikivunjwa, inakaa muda gani kabla haijarudi au haijahamia kwa jirani wa nyuma yako ambaye naye ana watoto?

Kuna mambo ya leo leo ambayo hayasubiri jengo. Vyoo. Mapipa ya taka yanayochukuliwa ratiba moja na ya kwenu. Sanduku la sindano. Vizima moto na mtu wa zimamoto kuja kuonyesha namna ya kupanga mahema yasikaribiane. Kuhamisha yale tu yanayoziba njia, mita kumi pembeni, bila kufukuza kambi nzima. Mji wa San Diego ulijifunza hili kwa njia mbaya, mwaka 2017 ulilipuka ugonjwa wa ini wa hepatitisi A, wakaugua karibu watu 600 na 20 wakafariki, wengi ni watu wanaolala nje, na moja ya sababu ni kwamba hapakuwa na vyoo vya kutosha vya umma wala pa kunawa. Baada ya vifo ndo vikaletwa vyoo vya kuhamishika na masinki barabarani na kampeni ya chanjo. Hicho kinyesi unachokiona kaka, mtu yule usiku wa saa nane umwambie aende wapi? Maduka yamefungwa na hata yakiwa wazi haruhusiwi.

---

Nililala_Garini:

Nimesoma uzi wote na nimeona niandike ingawa huwa sichangii. Mimi nimeishi kwenye gari hapa hapa Marekani, na nilikuwa nafanya kazi muda wote huo, kazi ya kutunza wazee, nawaogesha watu usiku halafu mimi mwenyewe naoga jimu. Niliugua, nikakaa bila kulipwa, kodi ya nyumba ikapandishwa mwezi ambao nilikuwa sijapona vizuri, basi. Hakuna dawa za kulevya kwenye hii habari wala pombe.

Ninachotaka mjue ni ule uchovu. Unagongewa kioo na tochi saa nane usiku, ondoka hapa. Unaendesha unatafuta mtaa mwingine, unalala saa moja unagongewa tena. Asubuhi unatakiwa kazini na unatakiwa uwe mpole kwa wagonjwa. Akili inaanza kukatika, unasahau vitu, unalia bila sababu. Watu wanaona mtu anaongea mwenyewe barabarani wanasema ndo maana hana nyumba, mimi nawaambia mnyime mtu yeyote usingizi miezi kadhaa muone atakuwaje.

Na gari likivutwa umekwisha. Kulitoa yadi kunazidi kila siku linapokaa, na humo ndani ndo kuna sare za kazi, vyeti, kila kitu. Nilishuhudia mama mmoja na mtoto wake gari lao linavutwa wakabaki wamekaa kwenye ukingo wa barabara. Wiki iliyofuata walikuwa kwenye hema. Kwa hiyo msifikiri watu wa hema na watu wa gari na watu wanaolala kwenye kochi la rafiki ni watu aina tofauti, ni mtu yule yule anashuka ngazi, na kila faini na kila kuvutwa gari inamshusha moja.

Mimi nilitoka kwa sababu mratibu mmoja alinipatia ruzuku ya kulipia amana na miezi ya mwanzo ya kodi. Ni hivyo tu. Sikuhitaji ushauri nasaha wala kufundishwa bajeti.

---

Mpenda_Hesabu:

Pole sana dada na asante kwa kuandika.

Niingie kwenye lile swali la mwisho la mleta mada, kuna mji umeweza? Kwanza tuwekane sawa kwenye chanzo, maana ukikosea chanzo unakosea dawa. Hesabu ya serikali ya usiku mmoja Januari 2024 ilikuta watu 771,480 hawana makazi Marekani nzima, ongezeko la asilimia 18 kwa mwaka mmoja. Watu wanasema ni dawa za kulevya. Sasa West Virginia ndo jimbo lililoumizwa vibaya kuliko yote na vifo vya kuzidisha dawa lkn wasio na makazi kwake ni wachache ukilinganisha na California. Watu wanasema ni umaskini, Detroit ni maskini kuliko San Francisco ila mahema yako San Francisco. Kinachofuatana na idadi ya watu wanaolala nje ni bei ya kodi na uhaba wa vyumba. Dawa na ugonjwa wa akili vinaeleza NANI anaanguka kwanza, kodi inaeleza WANGAPI wanaanguka.

Na lile la kwamba wanatoka majimbo mengine kufuata jua na misaada, Chuo Kikuu cha California San Francisco kilihoji watu karibu 3,200 na kutoa ripoti 2023, tisa kati ya kumi walikosa makazi wakiwa ndani ya California yenyewe, na robo tatu bado wako kaunti ile ile walikokuwa wamepanga mara ya mwisho. Mapato ya kaya zao kabla hawajakosa nyumba yalikuwa kwenye dola 960 kwa mwezi, hiyo ndo namba ya katikati. Hao ni majirani zenu waliokuwa wamepanga.

Sasa mfano wa Houston, Texas. Sio mji wa mrengo wa kushoto wala nini. Kuanzia 2012 wakakusanya mashirika yote yaliyokuwa yanafanya kila mtu kivyake, wakaweka mfumo mmoja na foleni moja, na wakaanza kupanga vyumba ambavyo tayari vipo kwa wenye nyumba binafsi badala ya kusubiri majengo mapya. Zaidi ya watu 25,000 wameingizwa kwenye nyumba tangu hapo na idadi ya wasio na makazi imeshuka kwa zaidi ya asilimia 60 toka 2011. Na makambi wanayafunga, tena sana. Tofauti ni mpangilio, wanaingia kambini wiki kadhaa kabla, wanaongea na kila mtu kwa jina, wanamtafutia chumba, wanamhamisha, na hema la mwisho likishaondoka ndo wanafunga eneo na kuweka uzio. Uzio ni ule ule aliouona mleta mada, ila umekuja mwishoni.

Finland ndo wamekwenda mbali zaidi. Tangu 2008 sera yao ni nyumba kwanza, mtu anapewa chumba chenye mkataba wa jina lake bila kuambiwa aache pombe kwanza, halafu huduma zinamfuata humo. Na mabweni wakayageuza, Helsinki kulikuwa na bweni la Jeshi la Wokovu la vitanda zaidi ya 200 likafanywa vyumba 80 hivi vya kupanga. Miaka ya 80 nchi ilikuwa na watu zaidi ya 15,000 wasio na makazi, 2023 walikuwa chini ya 3,500. Siku za karibuni idadi imeanza kupanda tena kidogo baada ya serikali kubana ruzuku, na hiyo nayo inakuonyesha kinachofanya kazi ni nini.

---

Baba_Watatu:

Houston nimesikia. Ila kodi yao ni nafuu na ardhi wanayo, huku pwani chumba kimoja tu ni mshahara. Unawaweka wapi?

---

Mpenda_Hesabu:

Hapo umegusa penyewe mkuu. Kweli Houston wana nafuu ya kodi na pia walitumia sana hela za serikali kuu za kipindi cha korona, na zile hela zikiisha hata wao wanahaha. Pwani ni ghali zaidi, hilo halina ubishi. Lkn angalia na upande wa pili, kuvunja kambi sio bure. Kuna polisi kwa saa, malori, stoo, mahakama, jela, emajensi, na unalipia kambi ile ile tena na tena kila inapohama. Los Angeles tangu Desemba 2022 Meya Karen Bass alianzisha mpango wa kuwatoa watu kwenye mahema na kuwapeleka vyumba vya hoteli, wamelalamikiwa kwa gharama na kwa watu kukaa hotelini muda mrefu bila kupata nyumba ya kudumu, na ni malalamiko ya haki. Hata hivyo idadi ya wanaolala nje pale ilishuka 2024, baada ya miaka ya kupanda. Kwa hiyo hata mji ghali una pa kuanzia. Wenye mji ghali wanatakiwa waruhusu majengo mengi zaidi, vyumba vidogo vya bei ndogo kama vile vya zamani vya hoteli za wapangaji ambavyo miji mingi ilivibomoa kati ya miaka ya 60 na 80 na haikujenga mbadala. Watu waliokuwa wanalala kwenye vile vyumba hawakuyeyuka.

---

Zamu_ya_Alfajiri:

Wakuu nashukuru kwa kweli, nimejifunza zaidi ya nilichouliza. Baba_Watatu nawe nakushukuru, hasira zako zina msingi, wanao wana haki ya kupita njia safi. Dada Nililala_Garini pole, nimesoma mara mbili.

Sasa halmashauri ya jiji huku ina kikao wiki ijayo na kwenye ajenda kuna kipengele cha kuongeza bajeti ya kuondoa makambi. Wananchi wanaruhusiwa kuongea. Sijawahi kuongea kwenye kitu kama hicho na Kiingereza changu kikikasirika kinapotea. Niseme nini ambacho watakisikia?

---

Dada_wa_Kambini:

Nenda kaka, tafadhali nenda. Usiende kuwaita wakatili, wameshaitwa wamezoea. Waulize namba. Kambi zote mlizovunja mwaka jana, ni watu wangapi waliingia nyumba, sio kitanda cha usiku, NYUMBA, na wangapi bado wamo baada ya miezi sita. Jiji nyingi hazina hiyo namba kwa sababu hazijawahi kuifuatilia, na wakikaa kimya hapo hata wajumbe wanaotaka kuongeza bajeti wanaanza kugeukiana.

La pili omba tarehe ya kuvunja kambi tupewe sisi tunaowafuata watu kwenye mahema mapema na kwa uhakika, na siku hiyo yenyewe awepo mtu mwenye vyumba mkononi. La tatu vyoo, na hapo nenda na Baba_Watatu kama mko mji mmoja, maana jirani mwenye watoto akisema anataka vyoo kambini wanasikiliza kuliko wakinisikia mimi.

---

Kifungu_kwa_Kifungu:

Niongezee la mali. Uliza vitu vilivyochukuliwa siku ile vimehifadhiwa wapi, kwa muda gani, na mtu asiye na simu wala usafiri anavifuataje huko. Omba majibu kwa maandishi. Na kama uliona mabegi yanatupwa, andika sasa hivi ukiwa bado unakumbuka, tarehe, saa, mahali, na kama una picha usizifute. Wale watu wakipata mwanasheria, shahidi ambaye hana maslahi yoyote ni dhahabu.

Dakika za kuongea mara nyingi ni mbili au tatu tu, kengele ikilia wanakukata. Andika kwenye karatasi usome, jiandikishe kabla kikao hakijaanza. Na Kiingereza usiogope, miji mingi ukiomba mkalimani siku chache kabla wanaleta, unaongea Kiswahili chako anawatafsiria. Piga simu ofisi ya katibu wa jiji kesho asubuhi uulize.

---

Baba_Watatu:

Sisi sio mji mmoja, mimi niko kusini zaidi. Ila hiyo ya vyoo na kuuliza namba nitaipeleka kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa wetu. Mnitumie hayo maswali kwa Kiingereza nami niyachapishe.